Je, Tuna Deni kwa Fundi Tusiyemjua?

Mwaka jana nilirekodi wimbo wa kwaya ya parokia yetu hapa Kampala. Studio ilikuwa chumba changu cha hosteli: kipaza sauti kimoja, kompyuta, na blanketi dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Kazi ilipokamilika, mwalimu wa kwaya aliisikiliza mara mbili, akanishika bega, akasema, "Kijana wangu, una sikio." Nikashukuru. Sikumwambia kwamba sehemu kubwa ya utamu ule ilitoka kwenye programu niliyoipakua bila kuilipia, ambayo hufunguka na kuonyesha picha ya mashine ya zamani yenye mita mbili za mshale. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: sifa ile niliyoipokea ilikuwa ya nani?

Mashine iliyoigwa inaitwa Fairchild 670. Ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi yake ni kupunguza sauti inapozidi: mwimbaji akipaza, inamshusha, akinong'ona, inamwachia. Ni kama mtu aliyeweka mkono kwenye kitufe cha sauti, ila mkono wenyewe ni mwepesi kuliko wa binadamu yeyote. Ndani yake mna vali 20 za kioo na transfoma nyingi, na uzito wake unakaribia kilo 30. Ndugu yake, 660, yenye njia moja tu ya sauti, ilitumika katika studio za Abbey Road, London, kurekodi sauti za Beatles. Leo mashine halisi ya 670 huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Nilipoanza kutafuta habari zake nilidhani aliyeitengeneza ni Bwana Fairchild. Kumbe Sherman Fairchild alikuwa mfanyabiashara tajiri wa kamera za angani na ndege, na kampuni ilikuwa yake. Aliyeisanifu ni Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia aliyehamia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Miaka miwili nimekodolea macho picha ya kazi yake, na jina lake sijawahi kulisikia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, lakini walichukulia kwamba chanda kinaonekana.

Wanafunzi wenzangu wa falsafa wataniletea John Locke. Yeye alifundisha kwamba mtu humiliki kile alichokichanganya na jasho lake. Kwa haraka hoja hiyo inampa Narma haki yake. Ila Locke huyohuyo anasema nyasi alizokata mtumishi wangu ni zangu mimi. Fairchild alipata haki ya mchoro kwa makubaliano, basi mashine ni yake na jina liwe lake. Kisheria sioni kosa. Lakini nadhani Locke anajibu swali la nani auze, na mimi nauliza nani atajwe. Jasho linaweza kuuzwa. Ukweli kuhusu nani alitoka jasho hauuzwi, kwa sababu haukuwa mali ya muuzaji wala ya mnunuzi.

Mwenzangu wa chumba alinicheka. "Ukila ugali," aliniuliza, "unamtaja mhunzi aliyefua jembe?" Hoja yake ni nzito kuliko ya Locke, na nililala nayo siku kadhaa. Jibu langu, ambalo bado halijaniridhisha, ni kwamba jembe hubaki shambani. Huwezi kuuonja uamuzi wa mhunzi ndani ya ugali. Uamuzi wa Narma kuhusu kasi ya kuishusha na kuiachia sauti unasikika ndani ya sauti yenyewe, kila wimbo unapopigwa.

Hata jina likiandikwa, si lazima limfuate mwenyewe. Mwingereza Rupert Neve alianzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1961. Alipoondoka katika miaka ya 1970, jina lilibaki na kampuni, naye akaanza upya. Mwaka 1985 alianzisha nyingine, Focusrite. Mtu anaweza kuliacha jina lake nyuma kama nyumba aliyokwisha kuiuza.

Lakini natambua hila ninayoicheza hapa. Ni rahisi kumlilia Narma, kwa kuwa hawezi kunidai. Waliokaa na mashine yake, wakaipima na kuiandikia programu, ni watu wa leo wanaolipa kodi ya nyumba kama sisi. Hao nimewaibia waziwazi, na nilikuwa nikijificha nyuma ya mzee wa Estonia.

Mwezi uliopita niliifuta programu ile, kisha nikamweleza mwalimu wa kwaya kila kitu. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Huyo Narma, tungempelekea shukrani kupitia wapi?" Sikuwa na jibu. Wimbo wao wa pili niliurekodi bila programu hiyo. Sauti ya kwanza inapanda mno kwenye kiitikio na kuwameza wenzake. Mwalimu aliisikiliza mara moja tu, akasema tutauimba upya Jumamosi, na waimbaji wa sauti ya kwanza wasimame hatua mbili nyuma.