Maporomoko ya Milima: Kadari na Dhamana

Huenda mlima ukaporomoka ukafukia watu na majumba yao, na wenye kusikia khabari wakasema, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu," kisha wasiulize tena. Neno hilo ni la kweli, lakini si kila alisemaye hulitia mahali pake. Kwani kuamini kadari hakumwondolei mtu dhamana ya kazi ya mikono yake.

Yapasa ijulikane kwamba udongo wa mtelemkoni daima wavutwa chini na uzito wake. Wenye kuuzuia ni kushikana kwa chembe zake, na mizizi ya miti ipitayo ndani yake mfano wa nyuzi katika nguo. Mvua ikizidi, maji huujaa udongo, ukawa mzito na kushikana kwake kukalegea. Na kila mtelemko uzidipo ukali, salama yake hupungua.

Basi mti ukikatwa, mlima hauanguki siku ile. Mizizi hubaki ardhini ikishika, kisha huoza miaka kwa miaka. Na mkataji hulima, huvuna, na husahau. Mvua kubwa ijapo, huikuta nguo imekwisha fumuka.

Katika wilaya ya Bududa, nchi ya Uganda, watu walizidi, ardhi ikawa haba, wakafyeka misitu ya Mlima Elgon wakalima penye mitelemko mikali. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, ardhi ilikifukia kijiji cha Nametsi, na watu zaidi ya 300 wakahisabiwa kufa au kupotea.

Wala si haki kusema kwamba miti ndiyo sababu peke yake. Yako maporomoko yaanziayo chini kabisa, yasikofika mizizi. Wala fakiri aliyekosa shamba pengine hawi sawa na aliyekata kwa tamaa.

Lakini wanavyuoni wa Kishafii wamesema: mwenye kuchimba kisima katika njia nyembamba, kikadhuru wapitao, akaanguka mtu akafa, dhamana yamwandama yeye na jamaa zake, ijapokuwa siku ile hakuwako. Ajali ya maiti ilikuwa imeandikwa, na dhamana haikuanguka.

Na aukataye msitu wa mtelemkoni hali ajua kwamba chini yake wamelala watu, kisima chake ni kipi?