Gavana Aliyekataa Kusamehe Kimyakimya

Juni 1893, John Peter Altgeld alikuwa na njia rahisi mbele yake. Hata mwaka hajamaliza katika ugavana wa Illinois, Marekani, tayari alikuwa akiombwa awaachie huru wafungwa watatu wa kesi ya Haymarket: Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe. Miongoni mwa walioomba walikuwamo watu wazito wa Chicago. Angeandika mistari miwili tu, kwamba wameteseka vya kutosha na anawaonea huruma, na wengi wangemshukuru.

Altgeld akaagiza jalada la kesi, akalisoma.

Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Usiku wa tarehe 4, mkutano wao wa hadhara katika uwanja wa Haymarket ukikaribia kwisha, mtu ambaye hadi leo hajulikani aliwarushia polisi bomu. Polisi saba walikufa. Wakashtakiwa watu wanane, na hatia yao ikajengwa zaidi juu ya waliyoyasema na kuyaandika. Wanne walinyongwa Novemba 1887. Wa tano alijiua gerezani siku moja kabla.

Altgeld alikuwa wakili, kisha jaji hukohuko Chicago, kwa hiyo alijua pa kutazama. Katika maelezo yake, marefu kama kitabu kidogo, alionyesha jinsi walivyopatikana raia 12 wa kuamua kesi: badala ya majina kuchukuliwa kwa kura, afisa mmoja aliachiwa awatafute mwenyewe mitaani. Mmoja wa walioletwa alikiri kuwa ni ndugu wa polisi aliyeuawa. Jaji akasema anafaa. Kila nikifika hapo hasira hunipanda, ingawa wahusika wote wamekwisha kufa.

Tarehe 26 Juni watatu wale wakatoka, wamesamehewa kabisa, na sababu zikawa hadharani.

Magazeti yakamvaa. Altgeld alizaliwa Nassau, Ujerumani, mwaka 1847, akapelekwa Ohio angali mtoto mchanga. Akiwa na miaka 16 alibeba bunduki katika jeshi la Muungano, upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Lakini sasa ikaandikwa kwamba hana damu ya Kimarekani. Mwaka 1896 wapiga kura wakamwondoa. Jengo refu la Unity, alilotia mali yake yote, nalo likamponyoka. Aliyempokea ni wakili Clarence Darrow, ambaye miaka ya nyuma alikuwa ameguswa sana na kitabu cha Altgeld kuhusu magereza. Wakafanya kazi ofisi moja hadi Altgeld alipofariki mwaka 1902, akiwa na miaka 54.

Huku kwetu Mei Mosi tunaandamana na mabango, fulana mpya na hotuba za nyongeza ya mishahara. Siku hiyo ilichaguliwa Paris mwaka 1889, na mgomo ule wa Chicago ulichangia. Waliouawa hutajwa mara mojamoja. Gavana huyu simsikii kabisa. Ningependa atajwe, hasa mbele ya wakubwa waliokaa jukwaani. Msamaha wa huruma ungewatoa watu gerezani na kuiacha mahakama ikiwa safi machoni pa umma. Yeye aliona hiyo ingekuwa dhuluma ya pili, akatia sahihi akijua vizuri kwamba huenda hatachaguliwa tena.