Dirisha Jipya katika Nyumba Kongwe

Aliyerithi au kununua nyumba kongwe huko Uingereza, ambako miezi ya baridi ni mingi, hachelewi kukutana na swali la madirisha. Mbao za chini zimeoza, kamba zimekatika, vioo vinatetemeka kila upepo uvumapo, na nyumba haishiki joto. Je, ayang'oe ya kale au ayatengeneze? Na akiyang'oa, atie mapya ya namna gani? Kwa sura hilo ni swali la seremala. Kwa undani ni swali la maadili: alichokiacha aliyetangulia ni mali ya nani?

Dirisha lenyewe halifanani na yale ya mwambao, yenye mbawa zinazofunguka nje. Ni fremu mbili za mbao na vioo, moja juu na moja chini, zinazopanda na kushuka ndani ya sanduku lililojengwa ukutani. Kila fremu imefungwa kamba inayopita juu ya kapi, na kwenye ncha ya pili ya kamba, ndani ya sanduku, unaning'inia uzito wa chuma au wa risasi unaolingana na fremu. Baharia aliyezoea kuvuta henza na kutweka tanga asingehitaji kuelezwa mara mbili. Dirisha hilo lilianza kuenea Uingereza katika miaka ya 1670, na kwa karne mbili na zaidi ndilo lililoipa sura mitaa ya London, Bath na Edinburgh.

Sura hiyo haikuchorwa na seremala peke yake. Sheria ya mwaka 1709, iliyotungwa kwa hofu ya moto, ilitaka fremu katika mji wa London zirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha inchi 4. Ile ya 1774 ikataka hata sanduku lifichwe nyuma ya matofali. Kodi ya madirisha, iliyodumu tangu 1696 hadi 1851, iliwafanya baadhi ya watu wayazibe ya kwao. Kodi ya kioo nayo ilipofutwa mwaka 1845, vioo vikubwa vikawa rahisi kupatikana, na vile vifito vyembamba vilivyokigawa kioo vipande vipande vikaanza kutoweka. Lakini kioo kikubwa ni kizito. Ndipo maseremala wakaziacha ncha za miimo ya fremu zichomoze kidogo, mfano wa pembe, ili viungo visiachie. Kwa hiyo anayejua kulisoma dirisha huisoma ndani yake hofu ya moto, tamaa ya mtoza kodi na hesabu ya fundi. Siku hizi pembe zizo hizo hubandikwa kwenye madirisha mapya yanayojidai kuwa ya karne ya 18, ambayo aghalabu hayakuwa nazo!

Wapenzi wa tungo wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilinakiliwa mara nyingi, na wako wanakili ambao, walipokutana na neno la Kiamu lililokwisha kusahauliwa, waliliondoa wakatia la Kiunguja. Mizani ikatimia, kina kikatua, na msomaji asihisi pengo lolote. Mnakili aliyeliandika neno la kale pambizoni aliwaachia wa baadaye nafasi ya kumhukumu. Aliyelifuta aliwahukumu wote kwa niaba yao, na pengine hata hakujua kwamba amehukumu.

Wanafalsafa wamezoea kuliuliza swali la namna hii kwa mfano wa merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata watu wakabishana iwapo bado ni ile ile. Watu wa pwani hawana haja ya kwenda Athene. Jahazi hubadilishwa mbao moja moja, likakalafatiwa, likapakwa sifa, na jina lake likabaki, wala hapana nahodha aliyekosa usingizi kwa jambo hilo. Kinachodumu pale si mti. Kinachodumu ni ule ufundi unaouruhusu mti kubadilishwa.

Kwa kipimo hicho, ubaya wa dirisha la plastiki hauko katika upya wake, wala katika sura yake peke yake. Dirisha la mbao la kale liliundwa likijua kwamba litaharibika. Ubao wa chini ukioza, hukatwa sehemu iliyooza na kuungwa mti mzima. Kamba ikikatika, hutiwa nyingine. Kioo kimoja kikivunjika, hutolewa kimoja na kushikizwa kingine kwa kandiko la chaki na mafuta ya kitani. Dirisha la plastiki lina vioo viwili vilivyozibwa pamoja kiwandani. Kizibo kikichakaa, unyevu huingia katikati na kuganda kama ukungu ambao hakuna kitambaa kitakachoufikia. Plastiki ikipinda hairandwi, ikipasuka haiungwi ulimi. Aghalabu baada ya miaka 20 au 30 hutupwa na kununuliwa jingine, ilhali mbao lililochukua nafasi yake huenda zilikuwa zimekaa miaka 200. Mwenye nyumba wa leo anakuwa amemnyima fundi wa kesho mahali pa kutia mkono.

John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu taa saba za usanifu majengo, alishikilia kwamba majengo ya kale si mali ya walio hai peke yao: kwa sehemu ni ya waliojenga, kwa sehemu ni ya watakaozaliwa. William Morris na wenzake waliifuata hoja hiyo walipoanzisha mwaka 1877 chama cha kuyalinda majengo ya kale, wakihimiza matengenezo ya kila siku badala ya ukarabati wa kubuni. Ni hoja nzito, ila ina kasoro moja. Mpita njia hutazama bure, na mwenye nyumba ndiye anayelipia joto. Mjane mwenye pensheni ndogo akiambiwa na baraza la mji kwamba dirisha lake ni urithi wa wote, ana haki ya kuuliza kwa nini urithi wa wote unagharimiwa na mmoja. Haifai kumwekea mtu amana kisha kumwacha agande kwa baridi ili wageni wapige picha.

Hata hivyo, uchaguzi wenyewe si mkali kama wauzaji wa madirisha wanavyoueleza. Vipimo vilivyofanywa na taasisi za uhifadhi za Uingereza na Uskoti vimeonyesha kwamba kioo cha pili kikiwekwa upande wa ndani, bila kuligusa dirisha la kale, joto linalopotea dirishani hupungua kwa zaidi ya nusu. Mabaraza yanayokataza plastiki yangefanya uadilifu zaidi kama yangechangia gharama ya kioo hicho.

Visiwani haja ni kinyume: dirisha la Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lipo ili upepo upite, na fremu ya alumini inayoteleza huacha nusu tu ya nafasi ikiwa wazi. Lakini swali ni lile lile, kama wanavyojua waliopaka saruji juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, wakaufungia unyevu ndani ya ukuta.

Limebaki jambo la nyuma ya nyumba. Katika mitaa ya Uingereza iliyohifadhiwa, makatazo ya namna hii aghalabu huhusu upande unaoelekea barabara, na wengi huweka mbao mbele na plastiki nyuma. Kama wajibu ni kwa mpita njia, wamekwisha kuutimiza. Kama ni kwa fundi ajaye, basi dirisha la jikoni lisiloonwa na yeyote linahesabiwa sawa na lile la sebuleni. Huko nyuma, ambako mbao zote zimeoza na hakuna cha kuunga, dirisha jipya la mbao, lenye vioo viwili vinavyoweza kubadilishwa, lisilo na vifito vya kubandika wala pembe za kuigiza, lingemtosha mwenye nyumba, na fundi atakayeitwa baada ya miaka 60 angejua pa kuanzia.