Kisu na Ala Yake

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ndivyo walivyosema wahenga, na methali yao ni ya kweli, lakini haikusema yote. Haituambii mwenye kisu hicho akiweke wapi nyama ikiisha kuliwa. Swali hili laonekana dogo. Kumbe ndani yake mna jambo la haki na dhambi, tena lawahusu wazazi kuliko wahunzi.

Itazameni sime ya mchungaji. Siku hizi mara nyingi mhunzi huifua kwa springi ya gari iliyochakaa. Huitia motoni mpaka iwe nyekundu, huipiga nyundo juu ya fuawe, huirudisha motoni na kuipiga tena, hata chuma kilichobeba mizigo ya lori kipate umbo la jani refu. Kisha hukizima ghafula katika maji au mafuta ili kiwe kigumu. Hapo mwanagenzi hudhani kazi imekwisha. Lakini chuma kigumu mno huvunjika kama kigae. Fundi stadi hukipasha tena moto wa kiasi, kipoteze ugumu kidogo na kupata uvumilivu. Ustadi huu si wa jana. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakipata chuma cha pua katika tanuru zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Baada ya mhunzi huja fundi wa ngozi. Kwa sime ya Kimasai huchonga vibao viwili vyembamba kwa kipimo cha bapa lenyewe, huvifunika kwa ngozi iliyoloweshwa, na kuishona. Ngozi ikikauka hujikaza juu ya mti. Kisha hutiwa rangi nyekundu. Ala haishonwi kwa kukisia. Ikilegea, sime huanguka mwenyewe akikimbia; ikibana mno, haitoki wakati wa haja.

Basi, sime hiyo ikimwaga damu ya mtu, hatia ni ya nani? Zamani Wamasai waliwatenga wahunzi wao, watu wa Ilkunono. Bwana A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905, aliandika kwamba mtu alipopokea silaha iliyoshikwa na mhunzi alijipaka kwanza mafuta mkononi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wahunzi hutengeneza vyombo vya kumwagia damu, jambo alilolikataza Mungu. Tusiwacheke watu wa kale: walitambua kwamba damu ya mwanadamu ni kitu kizito. Lakini angalieni jinsi hukumu ilivyopinda. Aliyefua alidharauliwa, na aliyechoma alisifiwa. Nasi leo twafanya vivyo hivyo kila tunapolaumu pombe, shule au ulimwengu, huku tukiuacha mkono uliotenda.

Maandiko Matakatifu hayamhukumu mhunzi hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amwonyesha mbele ya fuawe yake, mwili ukikaushwa na moto, moyo ukiwa umeelekea kuikamilisha kazi. Tena asema kwamba pasipo mafundi wa namna hii hakuna mji.

Hata hivyo mhunzi hana ruhusa ya kufumba macho. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulileta vifo vya watu zaidi ya 30. Fundi ajuaye kwamba mnunuzi ametoka kugombana na jirani yake, naye akapokea fedha na kunyamaza, ameshiriki dhambi. Asiyejua hana hatia. Lakini aliyeweza kuuliza asiulize, yampasa aichunguze dhamiri yake.

Jibu kubwa zaidi twalipata bustanini, ng'ambo ya kijito cha Kedroni. Petro alichomoa upanga, akamkata Malko sikio la kuume. Bwana wetu hakumlaumu aliyeufua upanga ule, wala hakuamuru utupwe kijitoni. Alimwamuru Petro aurudishe alani. Na Mtakatifu Luka asimulia kwamba Bwana aliligusa sikio lile, akaliponya. Ala Petro alikuwa nayo. Alichokosa ni moyo wa kuikumbuka wakati hasira ilipopanda.

Hapo ndipo fundisho lenyewe lilipo. Makali si dhambi. Mtu asiyekuwa na kisu hastahili sifa kwa kutochoma. Upole ni sifa ya mwenye nguvu aliyejizuia. Wazazi wengi huuza ng'ombe na mazao ili mwana wao anolewe shuleni, apate akili, cheo na ulimi wa kujibu. Wafanya vema. Lakini ni wangapi wanaoshughulika vivyo hivyo kumshonea ala? Yule kijana mwenye elimu anayemdhulumu mjane shamba lake kwa hati asizoweza kuzisoma, hakukosa makali. Amechomolewa uchi, hana pa kurudi.

Ala ya mtoto hushonwa nyumbani: kwa sala ya jioni, kwa kuomba radhi alipokosa, kwa kumwona baba akikasirika na kunyamaza. Hushonwa ngozi ingali mbichi, kama vile udongo uwahiwavyo ungali maji. Nayo yapaswa kumtosha mtoto mwenyewe. Amri iliyolegea humwangusha. Amri iliyobana mno humzuia asiwe mtu wa msaada hata siku anapohitajiwa.

Enyi akina baba na akina mama, noeni, msiogope kunoa. Ila kabla ya kumkabidhi kijana kisu chake, mwulizeni kwa upole: Mwanangu, ala yake iko wapi?