Miguu ya Petro

Soma Yohana 13:4-9. Ni nani aliyenyenyekea chumbani mle, na ni nani aliyekataa kunyenyekea?

Jibu la kwanza halina ugumu. Yesu aliondoka mezani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akafanya kazi iliyokuwa ya mtumwa. Jibu la pili ndilo humshangaza msomaji. Aliyekataa ni Petro, tena alikataa kwa maneno ya mtu anayeonekana mnyenyekevu kuliko wote: Bwana hatamtawadha miguu kamwe. Mtu akiyasikia leo atayahesabu kuwa ni heshima. Yesu hakuyahesabu hivyo. Alimwambia kwamba asipotawadhwa, hana sehemu pamoja naye.

Mara nyingi uongozi wa utumishi hufundishwa upande wa beseni tu: kiongozi ainame, asichague kazi, afagie kama wengine. Ni fundisho la kweli, na bado halijazoeleka vya kutosha. Lakini mfikirie mzee wa kanisa ambaye Sabato ni wa kwanza kufungua mlango na wa mwisho kuufunga. Hubeba viti, huzuru wagonjwa, hutoa nauli mfukoni mwake. Akiugua yeye, huwaambia mashemasi wasijisumbue kuja. Akishauriwa katika baraza la kanisa kwamba jambo fulani lingefanywa vingine, hunyamaza, kisha hulifanya mwenyewe kama alivyozoea. Washiriki wanampenda, wala hawakosei kumpenda. Ila baada ya miaka kumi kila mtu kanisani ana deni kwake, naye hana deni kwa mtu yeyote. Je, huyo ni mtumishi, au ni bwana aliyejifunga kitambaa?

Swali hilo lisijibiwe kwa haraka. Wapo wanaokataa msaada kwa sababu waliwahi kusaidiwa wakasimangwa, na mwenye jeraha la masimango hastahili kuitwa mwenye kiburi. Hata hivyo, kwa kanisa matokeo ni yale yale. Anayetoa siku zote na asipokee kamwe hubaki juu, hata akiwa amepiga magoti.

Yesu hakuishi hivyo. Alimwomba maji mwanamke Msamaria (Yohana 4:7). Wanawake waliofuatana naye walimhudumia kwa mali zao (Luka 8:3). Na sura moja tu kabla ya ile ya beseni, huko Bethania, Mariamu aliipaka miguu yake marhamu ya thamani nyingi akaifuta kwa nywele zake. Yuda alilalamika, lakini Yesu alimtetea mwanamke yule na kuipokea zawadi yake (Yohana 12:3-7). Aliyewatawadha wengine alikuwa kwanza amekubali miguu yake mwenyewe ishikwe.

Soma Matendo 6:1-6. Mitume walifanya nini waliponung'unikiwa?

Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Fedha za waumini zilikuwa zikiwekwa miguuni pa mitume (Matendo 4:35), hivyo lawama iliwagusa wao. Wangeweza kusema kwamba hakuna aliyejitaabisha kuliko wao, na kwamba wanung'unikaji hawana shukrani. Hawakujitetea. Waliuita mkutano, wakauachia uchague watu saba. Angalia sasa majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani, na wa mwisho alikuwa mwongofu wa Antiokia. Jina pekee halithibitishi ukoo, maana hata Andrea, mmoja wa Thenashara, alikuwa na jina la Kiyunani. Lakini majina yote saba kwa pamoja! Yaonekana mgawo ulikabidhiwa upande ule ule uliolalamika. Kwa mitume, huko ndiko kulikuwa kunyosha miguu mbele ya beseni.

Huduma ya Unyenyekevu, ambayo kwa desturi hutangulia Meza ya Bwana kila robo, ina sehemu mbili: mtu hutawadha, kisha hutawadhwa. Anayetawadha hutazama maji. Anayetawadhwa mara nyingi hajui atazame wapi. Wengine huisugua miguu yao vizuri nyumbani asubuhi hiyo ili mwenzao asikute vumbi. Ni adabu njema, ingawa Petro angeielewa upesi.

Nyumbani mambo hayana beseni. Baba huambiwa na mwanawe kwamba alimwadhibu bila kosa. Mama aliyezoea kupika kwa ajili ya wageni wote hulala kitandani, na jirani anaingia jikoni mwake na kupanga sufuria vibaya.

Jadilini darasani: kama mzee yule angekuwa wa kanisa lenu, naye ameugua wiki hii, nani angekwenda kumwona, na angemwambia nini akiambiwa asijisumbue?