Kabla Hujamsemea Mgonjwa

Januari 1980, kusini mwa Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18, mchezaji wa besiboli, alishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa. Akapoteza fahamu, akakimbizwa hospitali. Watu wake walikuwa Wakuba, wasemaji wa Kihispania. Walidhani amedhuriwa na chakula, wakasema yu “intoxicado”. Kwa Mkuba, huyo ni mtu aliyeugua kwa kitu alichokula au kunywa. Daktari akasikia “intoxicated”, yaani, kwa Kiingereza, mtu aliyelewa pombe au dawa za kulevya. Basi kijana akatibiwa kama aliyemeza dawa kupita kiasi kwa kukusudia.

Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Zilipita zaidi ya siku mbili ndipo ukweli ukajulikana. Kijana alipona kifo, lakini alipooza mikono na miguu. Kesi iliyofuata dhidi ya hospitali ikaishia kwenye fidia inayoweza kufikia dola milioni 71 katika maisha yake.

Linaloniuma ni dalili zilizopuuzwa. Kichwa kilitangulia, tena ghafla. Hiyo peke yake ilitosha kumtia daktari shaka. Halafu, hakuna aliyeomba mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini umeelewana na mwenzake. Hapo ndipo penye hatari. Asiyejua lugha kabisa hutafuta msaada. Anayeijua nusu hujiamini.

Nasi tusijione tuko mbali. Bibi akisema “roho imenichafuka”, mjukuu aliyekulia ughaibuni anaweza kumwambia daktari kwamba bibi ana tatizo la moyo, kumbe ni kichefuchefu. Hata mimi, kwa haraka na hofu ya wodini, ningeweza kuteleza hapo. Tena kichefuchefu chenyewe, kikija na jasho jingi na kubanwa kifua, huenda kweli ni moyo!

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimpe daktari jina la ugonjwa. Mweleze kilichoanza, kilianza lini, mgonjwa alikula nini, anaumwa wapi. Mgonjwa au daktari akitaja neno usilolijua, muulize ana maana gani. Na kule Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Omba mkalimani huyo mapema, hata kama Kiingereza chako si cha kuombea maji.