Anayebebwa kwa Telki

Kiswahili kina neno la mwendo wa mnyama anayekwenda upesi bila kumrusharusha aliyempanda: telki. Watu wa pwani walilizoea kwa punda, lakini wapo farasi wanaozaliwa na mwendo wa namna hiyo, kama wale wa Iceland. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba jambo hilo linahusiana na badiliko katika jeni moja, DMRT3.

Farasi ninayemzoesha safari ndefu hapa Mufindi, mkoani Iringa, ni wa aina hiyo. Huku farasi ni wachache. Tukipita barabara za vumbi kati ya mashamba ya chai, watoto hutukimbilia na wazee huuliza kama analima. Nikisema tunajiandaa kwa mbio za masafa marefu, mzee mmoja hunirudishia swali: "Na yeye amekubali?"

Mbio hizi kwa sura yake ya sasa zilianza mwaka 1955, Wendell Robie na wenzake walipopanda farasi huko California maili 100 ndani ya siku moja. Ni kama kilomita 160, karibu nusu ya njia ya kutoka Iringa hadi Mbeya. Njiani kuna vituo ambapo daktari wa mifugo hutazama kama farasi anachechemea na kupima mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida yanatakiwa yashuke hadi 64 kwa dakika. Daktari akisema basi, ni basi.

Jibu jepesi kwa mzee ni kwamba farasi anapenda, tazama anavyovuta hatamu. Silitumii. Farasi ni mnyama wa kundi, na wapo wanaokwenda hadi kupita nguvu zao kwa sababu tu wenzao wako mbele. Kukubali kunahitaji nafasi ya kukataa, na farasi akikataa sisi humwita mkaidi na kutafuta fimbo.

Telki inazidisha ugumu. Anayepanda farasi wa matiti huchoka pamoja naye. Magoti na kiuno humwambia kwamba kilima kilikuwa kirefu. Mimi nashuka baada ya kilomita 30 nikiwa mzima kabisa. Kadiri ninavyobebwa vizuri, ndivyo ninavyojua kidogo juu ya anayenibeba.

Kwa hiyo huruma hainitoshi, maana huruma husubiri kuona maumivu, na mimi siyaoni. Inabidi nipime. Nashuka mlimani natembea kando yake, naweka vidole chini ya taya lake, nahesabu. Hesabu ikikataa, tunarudi nyumbani, hata kama yeye na mimi tunataka kuendelea.

Mzee bado ana haki: farasi hajakubali. Ninachoweza kumpa ni njia ya kukataa ambayo mimi siwezi kuibatilisha.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke, bila kuuliza alitakiwa kushukuru kwa lipi. Na si wanyama tu. Dada wa kazi anayeamka kabla ya nyumba nzima, kijana anayepakia mbao usiku pale Mafinga: hao nao hutubeba kwa telki. Kwa kuwa safari yetu haina mtikisiko, hatujawahi kuwashika mapigo.